Tumbo la Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani asiyejua kukaa bure. Wateja walimtania kwamba hata usingizini miguu yake hukanyaga cherehani. Jino lilipomvimbisha shavu, alipewa antibayotiki hospitalini, akazimeza kama alivyoelekezwa. Shavu likanywea, akarudi kazini.

Kabla dawa hazijaisha, tumbo la kuhara likaanza. Akate kitambaa kidogo, akimbilie chooni. Apige pasi kidogo, akimbilie chooni. Ikaja homa, tumbo likamnyonga hasa. Alipoona damu kwenye choo, alijilaza juu ya vitambaa vya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wifi yake akaja mbio na vidonge vya kufunga tumbo.

"Meza hivi, wifi. Tumbo litafunga kama mlango wa benki."

Mama Pacha alicheka kwa shida, akanyoosha mkono.

"Subirini kwanza," alisema jirani yao, muuguzi, aliyekuja kuchukua sare yake ya kazi. "Hivi karibuni umetumia dawa gani?"

"Za jino tu. Jino na tumbo, wapi na wapi?"

"Vinahusiana. Tumboni kuna bakteria wazuri wanaotulinda. Antibayotiki huua wabaya, lakini wazuri nao hawaponi. Wakipungua, bakteria mmoja mkorofi hupata nafasi, akazaana na kutoa sumu. Utumbo unavimba, unachubuka. Ukiufunga kwa vidonge, sumu inabaki ndani."

Wifi akavirudisha vidonge kwenye pochi.

"Basi aache hizo za jino?"

"Hilo ataamua daktari. Damu na homa si mambo ya kusubiri. Twendeni sasa hivi, na pakiti ya dawa muibebe."

Hospitalini walipima choo chake, wakamkuta kweli bakteria huyo. Daktari alisimamisha dawa za jino, akampa nyingine ya kumuua mkorofi, na maji ya chumvi na sukari ya kurudisha yaliyopotea. Nyumbani, wifi alisugua choo kwa dawa ya klorini. Kila mtu akanawa kwa sabuni na maji, maana muuguzi aliwaambia kitakasa mikono hakimuui bakteria huyo.

Polepole tumbo likatulia. Mama Pacha akaanza kula, akanenepa mashavu yote mawili, akarudi kwenye cherehani.

Siku moja mteja alikuja anapiga chafya.

"Mama Pacha, zile antibayotiki zako zilizobaki, nigawie."

Wifi ndiye aliyemjibu, akiwa anashona vifungo.

"Tulizirudisha hospitali. Na mafua hayatibiwi na antibayotiki, dada. Utaliumiza tumbo lako bure."