Waya Mnene wa Mpiga Besi

Sogeeni, nyie. Wewe acha kutafuna, na huyo anayecheka amalize kabisa. Kimya sasa. Hii haisimuliwi kwa kelele.

Palikuwa na mpiga gitaa la besi na kaka yake mwimbaji. Kaka aliugua kifua, sauti ikashuka, nyimbo zao zikamshinda. Mdogo mtu akaingiwa na huruma. Akalegeza waya mnene mpaka ukanguruma chini kuliko besi zote, ili kaka aimbe bila kujikamua.

"Hilo gitaa au ng'ombe mgonjwa?" kaka akamtania.

"Imba, bwana! Ng'ombe ndiye saizi yako."

Wakacheka, wakapiga mchana kutwa.

Kesho yake waya ulikutwa umelegea zaidi. Mlango ulikuwa umefungwa, na chumba kinanuka udongo uliofukuliwa sasa hivi. Mpiga besi akaukaza. Sebuleni shemeji yake akapiga ukelele: "Jamani, kaka yako anakabwa!"

Akauachia. Kaka akavuta pumzi, akasema, "Nimepona." Lakini sauti ilikuwa imezama, kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Tangu hapo, kila adhuhuri, kile kifunguo cha kukazia waya kilizunguka chenyewe kuulegeza, na mpiga besi alikishika kwa mikono miwili huku akilia na kuomba, nacho kikazunguka vilevile ndani ya viganja vyake, taratibu, kwa nguvu za mtu asiye na haraka, na sebuleni sauti ya kaka ikazidi kwenda chini mpaka wanawe wakawa wanamsogelea mdomoni kumsikia.

Mganga akaja, mama mtu mzima. Akaweka sikio kwenye mbao za gitaa, akalitoa upesi.

"Huyu wa chini ya udongo hakuja kwenu, mwanangu," alinong'ona. "Ninyi ndio mlioteremka mpaka kwake, kaka yako akaimba humo. Sauti ameipenda."

"Niukate waya?"

"Ukiukata, umemkata kaka yako."

Akaondoka, hata maji hakunywa.

Siku ya saba waya ukalala juu ya mbao. Kaka akafungua mdomo amwite mkewe, ikatoka hewa tupu. Alasiri akafariki.

Mjane alibaki na nyumba na cherehani. Binti mkubwa akachukua koti la jukwaani. Gitaa lilikataliwa na wote. Mpiga besi hakuomba kitu. Ila siku ya tatu baada ya maziko alipiga hodi kwa shemeji yake, na kitindamimba, kusikia sauti ile, akatoka mbio ndani, mikono juu: "Baba! Baba amerudi!"

Mpaka leo yule mpiga besi hajatamka neno jingine.