Tia Kidole, Kaka

Baba mkubwa alikuwa seremala, na siku mdogo wake alipokufa aliianza kama alivyozianza nyingine zote: chai, redio, na kumlalamikia mdogo wake. Mama mkubwa, mke wake, ndiye aliyenisimulia haya tukiwa tunakunja nguo kitandani kwake. Anasema malalamiko hayo alishayazoea hata akawa hayasikii, kama mtu aliyepanga chumba jirani na mashine ya kusaga. Siku hiyo kisa kilikuwa mkanda. Baba mdogo alikuwa ameivalisha bunduki mkanda mpya wa ngozi.

"Mkanda wa kahawia," baba mkubwa alisema. "Mbao yangu nyekundu, yeye anaitia kahawia. Hana hata macho."

Bunduki hiyo ilikuwa ya babu, mwindaji mwenye kibali. Kitako chake kilipopasuka, babu alimpa mwanawe seremala kazi ya kuchonga kipya, naye akakichonga kwa mapenzi, jioni baada ya jioni, akiacha vitanda vya wateja vikimsubiri. Patasi ilimteleza ikamchana ncha ya kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Kidole kilipona na kovu lililopinda kama ndoano ya samaki. Damu iliyoingia kwenye mbao hakuifuta. Alipaka vanishi juu yake, akijua kwamba bunduki ile ingekuwa yake.

Babu alipoishiwa nguvu akampa mdogo.

Sababu aliitoa mbele ya wote. Baba mkubwa alipokuwa kijana aliwahi kuiegemeza bunduki kwenye gari ikiwa na risasi ndani, ikaanguka, ikatoboa tangi la maji la jirani. Jirani alioga barabarani siku hiyo bila kupenda. Watu walicheka miaka nenda rudi, na yeye mwenyewe alicheka nao, mpaka siku kicheko kile kilipomnyima bunduki. Baba yangu, wa katikati, hakuingia kwenye ugomvi huo. Yeye hushtuka hata soda ikifunguliwa.

Ndugu wawili hao waliendelea kwenda porini pamoja. Mdogo alibeba bunduki, mkubwa alibeba nyama. Watu wakikisifia kitako, baba mdogo aliwaambia, "Kaka ndiye aliyekichonga, huyu hapa," na kumshika bega. Alisema kwa moyo mweupe. Mama mkubwa anasema maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimchoma mumewe kuliko yote, kwa sababu mtu aliyekunyang'anya kitu halafu akawa mwema hupati pa kumchukia.

Sasa nieleze desturi yao, maana ndimo yote yalimotokea. Bunduki ile ilikuwa kuukuu. Ule ukucha mdogo wa chuma unaovuta risasi kutoka ndani ya mtutu ulikuwa umelika, kwa hiyo ukivuta nyuma komeo, kile chuma kinachoufunga mtutu, mara nyingine risasi ilitoka na mara nyingine ilibaki humo, kimya. Baba mdogo alikuwa akiipeleka kwa fundi wiki ijayo tangu nilipokuwa darasa la nne. Kwa ajili ya ukucha huo babu aliweka sheria: bunduki haivuki mlango mpaka yule ambaye hakuibeba atie kidole cha mwisho mle ndani, apapase, aseme "peupe". Aliyeibeba amechoka, babu alisema, na aliyechoka huona anachotaka kuona.

Basi kila waliporudi, mdogo alisimama kwenye kizingiti cha nyumba yake, akavuta komeo, akamnyoshea bunduki mwenzake.

"Tia kidole, kaka."

Kaka alitia. Kidole kilitoka cheusi kwa mafuta.

"Peupe."

Jioni ile walirudi na manyunyu. Baba mdogo alikuwa na furaha, alikuwa amepata swala wa mbali, na tayari alikuwa akimwita mkewe ndani huku amenyosha bunduki nyuma bila kuangalia.

"Tia kidole, kaka."

Baba mkubwa alikitazama kile kitako kilicholowa. Akauona mkanda wa kahawia umeanza kuichubua vanishi yake. Akanyosha kidole, akakipitisha hapo penye mchubuko, juu ya mbao, polepole.

"Peupe," akasema.

Mdogo wake akalirudisha komeo. Akakaa kwenye benchi ndani ya mlango, mtutu umemwegemea shingoni, akainama kulegeza viatu. Kisha akafanya alivyozoea kila siku, akafyatua ili kuilegeza springi. Alitakiwa kwanza auelekeze mtutu chini. Lakini ameambiwa peupe.

Polisi walikuja, wakapima, wakauliza. Waliandika ajali.

Msiba ulipokwisha, mama mdogo, mjane, alisema hataki kukiona kile kitu. Baba mkubwa alizungushwa ofisini mpaka akapata kibali, akaipokea bunduki. Mama mkubwa anakumbuka alivyoingia nayo ndani. Kabla ya kumsalimu mtu alichukua kisu, akaukata ule mkanda wa kahawia, akautupa jalalani. Halafu akalia. Mkewe hakujua alie naye au amwache.

Akaipeleka kwa fundi bunduki kabla ya kitu kingine chochote. Ukucha mpya ukawekwa. Fundi akaijaribu mbele yake, risasi zikatoka zote. Akaenda porini peke yake, hakupata kitu, akarudi mchana kweupe. Kwenye kizingiti chake akavuta komeo. Risasi ikaruka, ikaanguka chini. Hapakuwa na mtu wa kumtilia kidole.

"Tia kidole, kaka."

Ilitoka nyuma yake, sauti ya chini, ya mtu mwenye furaha. Akageuka. Uwanja mtupu, kamba ya nguo na shuka moja.

Akatia kidole. Mle ndani kulikuwa na kitu. Hakikuwa chuma. Kilikuwa laini na cha moto, na kilipoguswa kilirudisha mguso, kama ncha ya kidole cha mtu mwingine aliyetia kutoka upande wa pili.

Mama mkubwa alikuwa jikoni. Alisikia watu wawili wakivua viatu mlangoni. Akatoa vikombe viwili.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu," mumewe alisema, na akakifuta kile kidole kwenye suruali siku nzima.

Ikawa hivyo kila alipoigusa. Hata alipoishusha kuipangusa vumbi tu. Sauti kwanza, halafu mguso. Akaacha kwenda porini. Akaifungia kabatini, kabati alilolitengeneza mwenyewe, ufunguo shingoni. Mwindaji mmoja waliyemwita Kimya, kwa kuwa alikuwa haishi kusema, alikuja akitaka kuinunua.

"Wewe huwindi nayo, mzee. Mimi nitaitunza."

"Nimeichonga mimi."

"Kitako tu umechonga."

Alimtoa nje kwa kola. Mama mkubwa aliniambia, "Mwanangu, mume wangu alikuwa anatetemeka kwa hofu ya bunduki ile, na hapo hapo alikuwa anaona wivu mtu mwingine akiitazama. Hayo yote katika mwili mmoja. Nilimwonea huruma na nilimchukia."

Mwishowe yeye ndiye aliyekata shauri. Alikuwa amechoka kutoa vikombe viwili.

"Kairudishe polisi," alisema. "Iende au niende mimi."

Baba mkubwa alikaa sana akiitazama milango ya kabati. Kisha akaivua ile kamba ya ufunguo shingoni.

Polisi hawapokei bunduki mpaka iwe tupu. Wakaitoa barazani, jua likiwaka, majirani wakipita na ndoo zao. Akavuta komeo. Hakikutoka kitu.

"Tia wewe," alimwambia mkewe. "Mimi nimeibeba."

Mama mkubwa akatia kidole chake. Akapapasa. Baridi, mafuta, basi.

"Peupe," alisema. "Hamna kitu. Twende."

Lakini mumewe hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amegeuza shingo kidogo, kama mtu aliyeitwa.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Anasema nitie mimi." Akanong'ona. "Anasema ile mara nilipapasa mbao."

Hapo ndipo mama mkubwa alipojua. Hakupata nafasi ya kuuliza.

Alitia kidole. Safari hii hakukitoa. Alivuta, hakikutoka. Akavuta kwa nguvu. Uso wake ukabadilika, si kwa maumivu. Kwa kutambua. Kisha komeo likasogea. Hakuna aliyeligusa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mbao, na mikono ya mama mkubwa ilikuwa kifuani. Likasogea taratibu, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto, na likafunga.

Waliporudi kutoka hospitali, ncha ya kidole haikuwepo mkononi mwake. Haikuwepo barazani. Fundi bunduki aliitwa, askari wakiwepo, akalifungua komeo, akamulika tochi. Alitazama, akatazama tena, akatia kidole chake.

"Peupe," alisema.

Bunduki ilichukuliwa. Nasikia ilikatwa vipande pamoja na nyingine. Baba mkubwa bado anachonga, milango na madirisha tu. Hazungumzi sana. Kwa mke wa mdogo wake hajawahi kukanyaga tena, na kusema ukweli hakuna anayemwalika.

Mimi hukanyaga. Nilikwenda juzi kumsalimu mama mdogo, nikamkuta anasugua mwimo wa mlango kwa sabuni na mchanga. Alikuwa mkali.

"Nani kati yenu anatia mikono michafu hapa? Nafuta jioni, asubuhi pameshachafuka."

Niliinama nikaangalia. Kwenye mbao, usawa wa kiuno, palipokuwa pakipita bunduki, palikuwa na alama moja ya mafuta meusi. Ndogo, ncha ya kidole cha mwisho. Ilikuwa mbichi, na katikati yake palikuwa na mstari mweupe uliopinda kama ndoano.

Nilimwambia ni watoto. Nikamsaidia kusugua.