Jina la Mia Mbili na Saba

Kila baada ya dakika kumi na mbili, bomba-moyo lililofungwa kifuani mwa Bi. Tusekile liliuliza swali moja: mtunza-mapigo yuko wapi?

Swali hilo halikuwa na sauti. Lilipita kwenye kisanduku cha ukutani, likafika kwa mwelekezi, mtambo wa kampuni iliyoleta mkondo wa mawasiliano mtaani. Kazi ya mwelekezi ilikuwa kupokea jina na kurudisha namba, kwa sababu mitambo ya Mbeya ya mwaka 2094 ilifikiana kwa namba tu. Bomba likishapata namba, lilizungumza na mtunza-mapigo, mtambo wa hospitali uliosoma damu ya mgonjwa na kuamua moyo upige mara ngapi. Namba ya mtunza-mapigo ilibadilishwa kila saa ili wahalifu wasiifikie. Kwa hiyo bomba lilijua jina peke yake.

Sekela, binti yake, alikuwa fundi wa visanduku hivyo. Hakusomea ufundi chuoni. Alijifunza kwa kufungua, kufunga na kuandika kila alichokiona. Kwa siku thelathini alikuwa amewapima waelekezi wa nje, wale wasio wa kampuni, na kuandika matokeo kwenye daftari. Alijaribu majina mia mbili na sita, yote yaliyowahi kutamkwa au kuandikwa na mtu ndani ya nyumba ile. Mwelekezi mmoja wa nje aliyajibu yote, tena haraka kuliko wa kampuni.

Lakini si kasi aliyoitafuta. Kaka yake, Ambakisye, alichimba madini Mwezini. Wachimbaji walipogoma, kampuni ya mawasiliano ilifuta jina la kambi yao kwenye orodha ya mwelekezi wake. Kambi ilikuwepo, mitambo yake ilifanya kazi, lakini aliyeiuliza kupitia kampuni alijibiwa kwamba hakuna kitu chenye jina hilo. Bi. Tusekile alikuwa hajamsikia mwanawe kwa siku arobaini na moja.

Saa kumi na mbili asubuhi Sekela alibadilisha mwelekezi. Nusu saa baadaye sauti ilijaa sebuleni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba! Unakula?"

Wakasubiri jibu lishuke kutoka Mwezini.

"Nakula, Mama. Chakula cha makopo. Ugali wa huku unaelea."

Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Sekela aliandika kwenye daftari: *Imefaulu.*

Saa nne, taa ndogo chini ya ngozi ya kifua cha mama iligeuka nyekundu.

Sekela alikagua mara mbili kabla ya kukubali alichokiona. Hospitali ilikuwa imeandikisha jina la mtunza-mapigo kwa mwelekezi wa kampuni tu, kwa ajili ya usalama. Waelekezi wa nje hawakulijua. Naye hakulijaribu, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kulitamka. Lilikuwa jina la mia mbili na saba.

Alipiga simu hospitali. Nesi alisikiliza bila kumkatiza.

"Bomba lina maelekezo ya akiba ya muda wa saa sita tangu lilipokosa jibu asubuhi," nesi alisema. "Yakiisha litashuka hadi mapigo ishirini na nane kwa dakika. Rudisha mwelekezi wa kampuni sasa hivi."

"Nikirudisha litapata jibu papo hapo?"

"Hapana, dada. Bomba likiambiwa jina halipo, hukaa na jibu hilo na kujijibu lenyewe kwa muda mrefu kabla ya kumuuliza mwelekezi upya. La mama yako litauliza saa saba kasoro robo."

"Akiba inaisha saa sita mchana."

"Najua. Usimhamishe. Alale chali, asijichoshe."

Sekela alisogea ukutani. Kisanduku kilikubali mwelekezi mmoja kwa wakati mmoja, na kampuni ilimfungia kwa mwelekezi wake kwa mwaka mzima yeyote aliyetoka kisha akarudi.

"Usirudishe," mama alisema kutoka kitandani.

"Mama, tafadhali."

"Mwaka mzima bila Ambakisye? Huo moyo nitaufanyia nini?"

"Nilikosea mimi. Usiniache na kosa hili."

"Ulipima hata jina la duka la vitumbua," mama alisema. "Moyo wangu ukausahau." Kisha akageuzia uso ukutani. "Haya. Rudisha."

Sekela hakurudisha bado. Alimuuliza mwelekezi wa nje namba ya kambi, akaiandika kwenye daftari kwa tarakimu kubwa, akaisoma upya. Mwenye namba hahitaji jina. Ndipo akarudisha.

Saa sita bomba lilishuka. Midomo ya mama ikawa ya kijivu. Sekela alishika kifundo cha mkono wake, akahesabu, akapoteza hesabu, akaanza tena. Dakika ya thelathini mama aliacha kujibu akiitwa. Sekela aliendelea kumwita. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya; fundi mzima, mbele ya chombo kilichofungwa kiwandani kisichopokea namba iliyoandikwa kwa mkono.

Saa saba kasoro robo bomba liliuliza. Taa ikawa ya kijani.

Namba ya kambi ilidumu siku kumi na tisa. Mama alizungumza na mwanawe kila siku, akiisoma tarakimu moja moja kutoka kwenye daftari. Siku ya ishirini kambi ilihamishiwa namba nyingine, na hapakuwa na jina la kuifuatia.

"Ghala la baridi," sauti ya mtambo uliopewa namba ile ya zamani ilijibu mama alipopiga. "Taja bidhaa."

Sekela alinyoosha mkono kukata. Mama akamzuia.

"Mwambie Ambakisye," alisema polepole, "mama yake yupo."

"Ujumbe umehifadhiwa."

Kesho yake alipiga tena, na kesho kutwa. Sekela alikaa kando yake na daftari lililofungwa, akiitazama taa ya kijani. Dakika kumi na mbili zilitimia. Bomba likauliza, likajibiwa.