Dozi za Majirani

Kitonyeshi kilipiga mluzi mfupi ukutani, kikanyoosha mkono wake mwembamba na kushusha mezani kikombe chenye dawa ya rangi ya asali. Hakuna aliyebonyeza kitu. Kisikiapafu, kidude kidogo kama kifungo cha koti kilichobandikwa kifuani pa Mama Sekela, kilikuwa kimeyasikia mapafu yake yakikoroma tangu alfajiri, kikapeleka habari ukutani. Kitonyeshi kikamchanganyia dawa yake yeye peke yake: tone la kufungua mirija ya hewa, tone la kulainisha makohozi, na utamu kidogo ili ishuke. Tone la kuzibua pua kilimnyima, maana kilijua ana presha.

Katika mji wa Tukuyu wa miaka hiyo, magorofa yalikuwa yamepanda hadi ukunguni, lakini mvua ilikuwa ile ile, haijali maendeleo ya mtu. Kifua kilikuwa hakimwachi mtu. Kila nyumba ilikuwa na kitonyeshi chake, na watoto waliozaliwa humo hawakujua kijiko cha dawa kikoje. Hakuna tena aliyekisia dozi kwa macho, wala aliyenunua chupa mbili zenye majina tofauti kumbe dawa ya ndani ni moja. Aliyekibuni alikuwa Mhandisi Sekela Mwakibinga, na mama yake hakukubali mtu yeyote asahau jambo hilo, hata kwenye foleni ya ndizi.

Jumatano moja, saa tisa alasiri, Sekela alipita kumjulia mama yake hali. Alimkuta kwenye kochi, kikombe cha chai kinagonga kisahani chake, mikono inatetemeka.

"Shikamoo mama. Una nini?"

"Marahaba. Sina kitu. Moyo tu unanienda mbio, sijui unakimbilia wapi."

Sekela alimshika kifundo cha mkono. Mapigo mia moja na thelathini na nane kwa dakika. Akakimbilia ukutani kusoma kumbukumbu za kitonyeshi: dozi moja asubuhi, moja saa nane, zote ndogo, zote sahihi. Hapo ndipo hofu ilipomwingia barabara. Kama mashine haikukosea, basi alikosea yeye aliyeitengeneza, na huenda alikuwa amemwekea mama yake sumu ukutani kwa mikono yake mwenyewe.

Alimwita Daktari Ipyana wa zahanati ya mtaa. Uso wa daktari ukatokea kwenye kioo cha dirisha, nyuma yake mvua inatiririka.

"Dozi mbili hizo haziwezi kumfanya hivyo," daktari alisema. "Muulize amekunywa nini kingine."

Mama Sekela akatazama dari. "Sijanywa kitu."

"Mama."

"Nimesema sijanywa kitu."

Lakini pembeni ya sinki palikuwa na vichupa vitatu vilivyooshwa vikang'aa, vimepinduliwa vikauke, kama kinavyooshwa chombo cha mtu ili kirudi kwake safi. Sekela alikiinua kimoja na kukinusa. Kilinukia asali.

"Hivi vya nani?"

"Vya wenyewe," mama alisema kwa sauti ndogo. "Nitawarudishia."

Basi ikajulikana. Tukuyu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Zamani watu walimpelekea maziwa au mkungu wa ndizi, lakini sasa hivyo kila mtu anavyo. Kitu cha thamani kilichobaki ni dozi iliyotoka kwenye kitonyeshi chako mwenyewe, unayojinyima ukaitia kichupani na kumpelekea mwenzio. Mama Lugano, ambaye naye alikuwa akikohoa, alileta yake. Mzee Ambwene akaleta yake. Mama Kissa naye hakutaka kupitwa.

"Sasa mimi ningefanyaje?" Mama Sekela aliuliza. "Mtu ametoka kwake na mvua hii, amejinyima, amekaa hapo anakutazama. Nimwambie rudi nayo? Nikanywa, nikamaliza, nikasema asante."

Kwa hiyo ile dawa ya kufungua mirija, ambayo ikizidi huutia moyo mbio na mikono kutetemeka, ilikuwa imeingia mwilini mwake mara tano. Na ile ya kuzibua pua, aliyonyimwa kwa ajili ya presha yake, alikuwa ameipata mara mbili kwa ukarimu wa jirani.

"Asinywe kitu kingine," daktari alisema. "Si cha kutuliza, si cha mitishamba. Njoo na vichupa. Machela-mwendo inakuja."

Machela ilifika yenyewe, ikapanda ngazi kwa miguu yake sita na kumbeba. Zahanatini walimbandika nyaya kifuani, wakaanza kungoja dawa iishe nguvu mwilini. Daktari Ipyana hakumficha Sekela: moyo wa mtu mwenye presha unaweza kushindwa njiani.

Sekela alikaa kwenye benchi la ukumbini akakumbuka jambo ambalo angependa kulisahau. Vitonyeshi vya kwanza vilikuwa na swali. Kabla ya kutoa dawa vilisema: "Taja dawa nyingine uliyokunywa leo." Malalamiko yakamiminika. Kinatuhoji kama polisi, watu walisema. Sekela alilifuta swali lile mwenyewe asubuhi moja, mkono mmoja umeshika kitumbua, na mwaka huo alipewa tuzo kwa kuwarahisishia watu maisha. Alijichukia. Angeweza kuirudisha ile tuzo saa ile ile, na nyumba, na jina lake, mradi ule moyo utulie.

Saa kumi na mbili daktari alitoka akitabasamu. "Themanini na sita. Presha nayo imeshuka. Ingia."

Sekela aliingia akilia na kucheka kwa pamoja. Mikono ya mama yake ilikuwa imetulia juu ya shuka.

"Acha kulia, sijafa," mama alisema. "Hebu niambie. Kwa nini mashine yako haikuniuliza?"

"Ilikuwa inauliza, mama. Mkakataa wenyewe."

"Nani alikataa kuulizwa? Lile lidude lilikuwa linaanza tu: taja! Shikamoo hakuna, umeamkaje hakuna. Mtu asiyesalimia atajibiwa na nani?"

Sekela, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kusalimu, alikuwa ameingiza katika kila nyumba ya mji kitu kisicho na salamu. Palepale kando ya kitanda akaanza kuyaandika upya maneno ya kitonyeshi.

Jumatatu, mama akiwa kwake na kifua bado hakijaisha, daktari aliruhusu arudie dawa kwa dozi ndogo zaidi. Kitonyeshi kikapiga mluzi, kikatulia kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mama Sekela alijiweka sawa kwenye kochi. "Marahaba."

"Umeamkaje? Kifua kinasemaje?"

"Kinajitahidi, mwanangu."

"Tunashukuru. Na waliokuja kukupa pole, wamekuletea dawa yoyote?"

Mama Lugano alikuwa ndiyo kwanza ameketi, kichupa kiko mkononi. Mkono wa kitonyeshi ulingoja na kikombe kitupu. Mama Sekela alimtazama jirani yake, akautazama ukuta, akashusha pumzi.

"Mama Lugano ameniletea dozi yake ya asubuhi," alisema. "Ila sijainywa."

"Asante kwa kuniambia, mama. Basi pokea yako hii. Hiyo nyingine ilichanganywa kwa kifua chake. Mama Lugano, shikamoo, tafadhali inywe mwenyewe. Nimekusikia ukikohoa tangu mlangoni."

"Marahaba," Mama Lugano alijibu kabla hajajua anamjibu nani. Akakifungua kichupa, akanywa, akapangusa midomo kwa upande wa kanga. Wote wawili wakakaa wakiutazama ukuta.

"Ana adabu huyu," Mama Lugano alisema mwishowe. "Ni mtoto wa nani?"

"Wa kwangu," alisema Mama Sekela, akamalizia kikombe chake.