Glovu za Daktari Overby

Kikombe kiligongana na kisahani, kahawa ikamwagikia tai ya daktari. Maren Halvorsen akajifanya hakuona. Mji mzima wa Duluth ulimsifia Daktari Overby kwa upasuaji, kumbe mikono yenyewe ilitetemeka kama ya mtu aliyetolewa kwenye ziwa la barafu Januari!

"Uzee, binti," daktari akasema. "Ikifika kazini inatulia."

Na kweli ilitulia. Maren alikuwa mwanafunzi wa sekondari, amepewa wiki moja amfuate daktari kila aendako, aone kama kazi ile itamfaa. Kwake hilo halikuwa swali. Aliutaka upasuaji tangu utotoni. Alisimama ukutani mwa chumba cha upasuaji, akaitazama ile mikono ikizama ndani ya tumbo la mtu bila kutikisika, na tamaa ikamjaa.

"Ningekuwa na mikono hiyo!" akasema, kwa sauti, mjinga yule.

Overby akainua macho juu ya barakoa, akamtazama muda mrefu.

Aliyemkosesha Maren raha ni Sista Bernadine, muuguzi wa chumba kile.

"Mikono nyuma, we mtoto! Kiherehere cha nini? Huna akili ya udaktari, kwanza. Nenda kauze aiskrimu!"

Mbele za watu! Siku ya tatu akamvuta hadi koridoni, akamnong'oneza kwa hasira, "Rudi kwenu. Leo hii. Sitaki kukuona." Maren akalia chooni mpaka akachoka, kisha akaenda kumshtaki kwa daktari. Kesho yake Bernadine alikuwa amehamishiwa wodi nyingine.

"Sasa hakuna wa kukusumbua," Overby akasema kwa upole. "Leo utanawa, usimame mezani na mimi."

Akanawa mpaka viwikoni, akaingia mikono juu, maji yakimchuruzika. Harufu ya nyama iliyoungua ilimpiga puani, na mashine ya kuchomea mishipa ya damu bado haijawashwa. Kando ya meza alisimama mtu mrefu, amevaa joho na barakoa kama wengine, ameshika glovu wazi kumsubiri, na Maren akaona kwamba hakuna anayempisha wala kumsemesha, na kwamba pale juu ya barakoa, ambapo wenzake wana macho, taa haikuonyesha kitu, ila mkono wa Maren ulikuwa umeshaanza kwenda wenyewe kwenye ile glovu.

"Ingiza," Overby akanong'ona nyuma yake.

Akaingiza mmoja, kisha wa pili. Ndani mlikuwa na vidole vya mtu mwingine, vya baridi, vilivyojipenyeza kati ya vyake, vikaingia chini ya kucha, vikapanda taratibu ndani ya nyama mpaka viwikoni, vikatulia hapo kama vimefika nyumbani.

"Nani kanivisha?" akauliza akihema.

"Si umevaa mwenyewe?" akajibu mtu wa dawa ya usingizi.

Overby alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe ikitetemeka hata pale mezani, ikikataa kutulia, naye akilia kwa furaha. "Asante, binti. Asante sana. Sasa niko huru." Akatoka, ikabidi aitwe daktari mwingine.

Bernadine alimkuta Maren koridoni. Akamshika mikono, akaiachia haraka, akaanza kulia.

"Nimekutukana matusi yote niyajuayo," akasema. "Kwa nini hukunichukia ukaondoka, mwanangu? Kwa nini?"

Jumapili asubuhi, mama yake Maren alikuwa anakaanga chapati za maji. Mdogo wake, Teddy, kajilaza kwenye kochi, fulana imepanda kifuani. Maren alikuwa anakata jibini. Mikono ikaiacha jibini. Mmoja ukabaki na kisu. Mwingine ukashuka juu ya tumbo la Teddy, ukabonyeza hapa, ukabonyeza pale, bila haraka, ukitafuta mahali.

"Dada, unanitekenya!" Teddy akacheka.

Maren alitaka kupiga kelele, sauti ikakwama. Aliivuta mikono kwa nguvu zake zote, mabega yakamuuma, lakini haikusogea hata unywele. Akamgeukia mama yake, machozi yakimtiririka.

Mama hakuona machozi. Aliona jinsi mikono ilivyotulia.

"Eh, mtazame!" akasema kwa fahari. "Daktari mtupu."