Herufi Zilizonyooka Kwenye Chupa

Gari la mizigo lilikuwa limeshawashwa. Fundi alikuwa huko juu anafunga kamba kwenye kompyuta yake aliyoizungushia blanketi, na Jicho amesimama kwenye ngazi za studio. Habari ya msiba uliomfika Fundi ameipata asubuhi ile, tena kwa mwenye studio, watu wameshazika na kutawanyika.

Studio yao ilikuwa ya kurekebisha picha za bidhaa. Kampuni ikibadilisha jina la mafuta, hakuna anayepiga picha upya. Maandishi ya zamani yanafutwa kwenye picha ya kopo, mapya yanawekwa. Walikutana humo, asubuhi ya pilikapilika, yeye mgeni amekosa kiti, Fundi akamgeuzia ndoo.

"Kaa hapo, bibie. Hebu tazama kopo hili. Unaona nini?"

"Jina halijakaa. Linaelea."

"Basi wewe una jicho."

Jina likamganda. Fundi akamfundisha kazi: kopo ni la mviringo, kwa hiyo herufi za katikati hunenepa, za pembeni hubanana kama watu mlangoni. Mstari upinde kama mdomo wa kopo unavyopinda. Wino usizidi weusi wa kivuli. "Na ukiona herufi imenyooka kwenye kitu cha mviringo," akamwambia, "ujue huo ni uongo."

Siku moja Fundi alimtumia picha ya kopo la maziwa lenye jina la Jicho. Jicho akaenda kuyaulizia dukani, muuza duka akacheka mpaka akaketi.

"Mwanamume mwongo wewe," alimpigia simu.

"Mwongo wa makopo tu, mpenzi. Kwako sina hata uongo wa kukopa."

Penzi likakolea. Mama yake Fundi akawa anamsalimu kwa simu, "Mkwe wangu, lini nitakuona?" Ikapangwa siku ya Fundi kujitambulisha kwa baba yake Jicho.

Siku hiyo Jicho alivaa gauni la kijani lililomkaa kiunoni. Baba akanyoa ndevu. Shangazi akapanga vikombe. Wakangoja, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena, na simu ya Fundi haipatikani. Jioni ikaingia picha: chupa ya dawa yenye jina la mama yake na tarehe ya siku ile ile. Chini yake maneno: "Mama kazidiwa, simu ilizimika. Anakuulizia. Njoo."

"Mama zao huugua siku kama hizi hizi," alisema shangazi.

Jicho akaikuza picha. Herufi zilikuwa zimenyooka kama rula. Za pembeni hazikubanana hata kidogo, na wino mweusi tititi. Machozi yakamlenga. Akajibu: "Safari hii umesahau kukunja herufi." Kisha akaifungia namba ya Fundi.

Usiku simu ikaja kwa namba ya dada yake Fundi.

"Jicho, weka picha kando," Fundi alisema. "Mama anataka sauti yako tu."

Ikafuata sauti nyembamba, ya mtu anayetafuta pumzi: "Mkwe wangu..."

"Na sauti nayo umeitengeneza, Fundi?" Akakata.

Sasa, kwenye lile gari la mizigo, dada mtu alikuwa ameketi mbele, mkoba wa hospitali mapajani. Jicho akasogea dirishani.

"Pole, wifi."

"Usiniite wifi." Akatoa chupa mkobani. "Shika. Ikuze vizuri. Mwenye macho haambiwi tazama, au sivyo?"

Ilikuwa ile ile. Lebo ilikuwa kipande cha kadi ngumu, kimefungwa kwa mpira. Kadi ilikataa kujikunja, ikasimama mbele ya chupa kama ubao. Muuguzi alikuwa amekoleza herufi kwa kalamu nene. Zilinyooka kwa sababu kadi imenyooka.

Fundi akashuka.

"Nisamehe," Jicho alisema.

"Nilishakusamehe."

"Basi usiondoke, mpenzi."

"Simu ilikuwa sikioni kwa mama. Ulilolisema alilisikia yeye, si mimi. Akaniuliza, 'Sauti nayo hutengenezwa?' Nikamwambia mtandao mbaya, utapiga tena. Akaishika ile simu akingoja mpaka pumzi ya mwisho."

Jicho akakaa chini kwenye ngazi.

"Nikikutazama nitakuwa namwona na simu yake," Fundi alisema. "Sitaki kufika mahali pa kukuchukia." Akapanda. Gari likaondoka.

Fundi siku hizi huchora mabango ya maduka katika mji mwingine, kwa brashi, kwenye kuta. Ameoa mshonaji. Dada yake anaishi nao. Shangazi anasema angalau walijua mapema kwamba hawakufaana. Vikombe vile havijatolewa tena. Mwenye studio aliiuza. Jicho alibaki na wanunuzi. Ndiye anayefundisha wageni. Huwafundisha kubana herufi, kupinda mstari, kufifisha wino, yote kama alivyofundishwa. Ile kanuni ya herufi zilizonyooka huiruka. Hakuolewa. Chupa iko mezani kwake, na kadi bado haijajikunja.