Kigoda cha Ezekia

Nilimdanganya mama yangu mzazi huku nimeshika Biblia mkononi. Nianze na hilo, maana nikianza na mengine nitaonekana mwema.

Kwetu ni Lyamkena, hapa Makambako. Mdogo wangu Ezekia alikuwa Uswisi, mji wa Geneva, akilinda nyumba ya tajiri mmoja. Si mlinzi wa rungu. Alikaa chumbani mbele ya skrini, akiangalia geti, bustani, ngazi, hadi mlango wa watoto. Alisema kule hata paka akiruka ukuta anaonekana. Wezi walipotuibia nguruwe, akatuma kamera yenye spika, fundi akaifunga barazani, juu ya mlango. Basi ikawa kila asubuhi inaita:

"Kamwene, mama! Mlango wa nyuma umefungwa?"

Mama anacheka. "Tajiri gani mimi wa kulindwa kutoka Ulaya? Waje waibe baridi."

Lakini hakunywa chai bila kumwekea Ezekia kikombe, na kigoda pembeni yake. Eti mgeni hasimamishwi.

Jumapili moja natoka ibadani, nikapigiwa simu na Hilario, Mtanzania mwenzake wa kazini. Ezekia alikutwa amekaa kwenye kiti chake cha zamu. Moyo. Macho yalikuwa wazi, na kwenye simu yake lilikuwa linaonekana baraza letu.

Nikampigia baba mdogo Nathanieli, kule Mahongole. Akasema kama tufanyavyo siku zote, "Mama yako asijue kwanza. Mwili ufike, mchungaji awepo, ndipo aambiwe akiwa ameshikwa mikono."

Nikaingia ndani na Biblia yangu. "Mama, Ezekia kasafiri na tajiri wake. Huko hakuna mtandao."

"Haya," akasema.

Alhamisi kulikucha kawaida. Ukungu ulishaondoka, upepo wetu ule unapiga mabati. Mimi niko jikoni namenya viazi. Nikamsikia mama anacheka barazani.

Nikadhani ni jirani.

Nikasogea mlangoni, nikachungulia. Mama amekaa, anapukuchua mahindi. Kigoda kiko pembeni. Hakuna mtu. Kikombe kinafuka.

"Mbona sauti imekonda?" mama aliuliza. "Hawakupi ugali?"

Spika ikakwaruza. Halafu, polepole:

"Mama. Huku baridi."

Ilikuwa sauti yake. Mungu wangu, ilikuwa sauti yake.

"Si urudi nyumbani? Acha kulinda nyumba za watu."

"Nimeacha, mama. Kuna neno nataka nikwambie kabla..."

Sikusali. Mimi niliyelelewa Kilutheri, sikutaja hata jina la Yesu. Nilipanda juu ya kiti. Nikavuta waya wa kamera. Ukakatika.

"Dada," spika ikanong'ona. Waya uko mkononi mwangu. "Mwache mama asikie."

Kisha ukabaki upepo tu.

Mama aliacha kupukuchua. "Mbona umemkatiza mwenzio?"

Nikalia. Nikamwambia yote pale pale, bila mchungaji, bila mtu wa kumshika mikono. Hakupiga yowe. Aliinama akaokota punje zilizomwagika, moja moja. Akasema, "Sasa alitaka kusema neno gani?"

Mpaka leo ananiuliza.

Mwili ulipofika, Hilario aliuleta pamoja na begi la marehemu. Simu ilikuwamo. Aliapa kwamba tangu siku ya kifo ilifungiwa kabatini kwa tajiri, imezimwa. Tukaiwasha tutafute picha ya kuweka juu ya jeneza.

Picha ya mwisho ilipigwa Alhamisi ile.

Ni baraza letu. Lakini haikupigwa kutoka juu ya mlango, kamera ilipokuwa. Imepigwa kutoka chini, ubavuni, usawa wa mtu aliyekaa. Shavu la mama liko karibu kabisa, anacheka. Nyuma yake mimi nimesimama mlangoni, kiazi mkononi. Ukingoni mwa picha kuna mvuke wa chai.

Tumezika. Kamera tumeishusha. Kigoda mama amekataa kiondolewe, na kila asubuhi anakiwekea kikombe.

Wewe unayesoma, ukija kutupa pole, karibu sana, chai ipo. Ila nakuomba, usikalie kile kigoda.